Mwako wa kando ya shimo jeusi

Katikati ya mwezi wa Mei, inapofika saa tatu na nusu usiku, kuna kitone cha nuru kinachopita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Nairobi. Kwa darubini ya kawaida kitone hicho hakitofautiani na nyota, ingawa si nyota, na kwa macho matupu hakionekani hata kidogo, kwa sababu ni hafifu mara mia kadhaa kuliko nyota hafifu kabisa ambayo jicho zima linaweza kuiona gizani. Jina lake ni 3C 273, nacho kimo katika kundinyota la Mashuke. Nuru tunayoipokea kutoka kwake imekuwa safarini kwa takriban miaka bilioni 2. Lau kingesogezwa hadi umbali wa miaka ya nuru 33 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru hupita kwa mwaka mmoja), ambao katika hesabu za anga ni ujirani wa mlango kwa mlango, kingetuangazia sawasawa na Jua la mchana. Jua lenyewe, likipelekwa umbali huohuo, lingekuwa kinyota cha kutafutwa, na mwanga wa taa za barabarani za Nairobi ungekimeza.

Nimewahi kukitazama mara moja tu. Tulikuwa watu watatu kando ya Barabara ya Magadi, mbali kidogo baada ya Kiserian, tukiwa na darubini yenye kioo cha sentimita 25, na mawingu ya mwisho wa masika yalitucheza shere kwa saa nzima kabla ya kufunguka. Ilitubidi kulinganisha ramani na nyota moja baada ya nyingine mpaka tukahakikisha kwamba kile kinukta chenye rangi ya samawati hafifu ndicho chenyewe. Mwenzetu mmoja akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Ni hicho tu?” Nikamjibu kwamba ndicho. Swali lake lilikuwa la haki, kwa maana ukubwa wa kitu hicho hauonekani kwa jicho. Unapatikana kwa hesabu, na hesabu zenyewe ziliwasumbua wataalamu kwa miongo kadhaa.

Msomaji anayejaribu kuielewa mada hii hukutana kwanza na msitu wa majina. Kuna kwasari, kuna galaksi za Seyfert, kuna galaksi za redio, kuna blazari, na kila jina lina vijina vyake vya chini. Majina hayo yalitolewa na watu tofauti, waliotumia vyombo tofauti, kila mmoja akidhani amekuta kiumbe kipya. Edward Fath aliona mistari isiyo ya kawaida katika nuru ya kitovu cha galaksi ya NGC 1068 mwaka 1908. Heber Curtis aliona mchirizi ulionyooka ukichomoka katikati ya galaksi ya M87 mwaka 1918. Carl Seyfert alieleza galaksi 6 zenye vitovu vinavyong’aa kupita kiasi mwaka 1943. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wakizungumzia kitu kimoja, yaani galaksi amilifu: galaksi ambayo katikati yake kuna shimo jeusi kubwa mno linalolishwa gesi. Karibu tofauti zote kati ya majina hayo zinarudi kwenye mambo mawili, nayo ni kiasi cha gesi ambacho shimo linapata, na upande ambao mtazamaji amesimama.

3C 273 ndiyo iliyofungua mlango. Jina lake linamaanisha tu kwamba ni kitu cha 273 katika orodha ya tatu ya vyanzo vya mawimbi ya redio iliyotayarishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1959. Darubini za redio za wakati ule zilisikia vizuri lakini hazikuweza kuonyesha kwa usahihi sauti inatoka wapi, kama vile mtu anavyosikia honi katikati ya jiji asijue ni ya gari lipi. Bahati ni kwamba Mwezi, katika mwendo wake, ulikuwa upite mbele ya chanzo hicho mara kadhaa mwaka 1962. Kwa kuwa mahali pa ukingo wa Mwezi panajulikana kwa kila sekunde, mtu akiandika wakati hasa ambapo mawimbi yanakatika na wakati yanaporudi, anapata mahali pa chanzo kwa usahihi mkubwa. Cyril Hazard na wenzake walifanya hivyo kwa darubini ya Parkes, Australia. Mahali walipopata palikuwa na kile kilichoonekana kuwa nyota.

Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliichambua nuru ya “nyota” hiyo kwa darubini ya Palomar yenye kioo cha mita 5. Nuru ikipitishwa kwenye kichambuzi hutawanyika kama upinde wa mvua, na juu ya upinde huo kila elementi huacha mistari yake mahali maalumu, kama alama ya kidole. Mistari aliyoiona haikulingana na elementi yoyote. Mnamo tarehe 5 Februari 1963 ndipo alipotambua kwamba ilikuwa mistari ya haidrojeni, elementi ya kawaida kuliko zote ulimwenguni, isipokuwa yote ilikuwa imesogezwa kwa karibu asilimia 16 kuelekea upande wa rangi nyekundu. Kusogea huko kunatokana na kutanuka kwa ulimwengu wakati nuru ikiwa safarini: kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo mistari yake inavyosogea zaidi. Kwa hiyo ile “nyota” ilikuwa mbali kuliko karibu galaksi zote zilizokuwa zimepimwa hadi wakati huo, na bado iling’aa vya kutosha kuonekana kwa darubini ya mtu binafsi. Mwaka uliofuata Hong-Yee Chiu alibuni neno kwasari, ambalo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya chanzo cha redio kinachofanana na nyota. Hatimaye iligunduliwa kwamba kwasari nyingi hazitoi mawimbi makali ya redio, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka.

Lililowashtua wanafalaki zaidi ya mng’ao wenyewe ni udogo wa kinachong’aa. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimehifadhi picha za anga zilizopigwa kwenye vioo tangu karne ya 19, na zilipochunguzwa upya ilionekana kwamba 3C 273 ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mng’ao kwa miaka, na wakati mwingine kwa miezi. Mtu yeyote aliyewahi kukwama katika foleni ya Barabara ya Thika ataelewa kwa nini jambo hilo ni zito. Gari la mbele likiondoka, la mwisho haliondoki papo hapo. Habari ya kuondoka hupita gari kwa gari, na kila dereva hungoja wa mbele yake asogee. Ukiona foleni nzima imesogea ndani ya nusu dakika, unajua bila kupima kwamba haikuwa foleni ya kutoka Roysambu hadi Ruiru. Vivyo hivyo angani, ambako hakuna habari inayoweza kwenda kwa kasi kuizidi nuru. Kitu kinachobadilisha mng’ao wake wote ndani ya mwezi mmoja hakiwezi kuwa kipana zaidi ya umbali ambao nuru hupita kwa mwezi mmoja, ilhali galaksi kama yetu huhitaji nuru miaka 100,000 kuivuka. Hivyo basi kulikuwa na kitu kisichozidi ukubwa wa ujirani wa Jua letu, kinachotoa nuru ya majua trilioni 4 hivi.

Nyota haziwezi kufanya hivyo, hata zirundikwe vipi. Jua huunguza haidrojeni kuwa heliamu, na katika mabadiliko hayo asilimia 0.7 tu ya uzito wa haidrojeni ndiyo hugeuka nishati. Mwaka 1964 Edwin Salpeter huko Marekani na Yakov Zeldovich huko Urusi, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza chanzo kingine, yaani gesi inayoanguka kuelekea kitu kizito mno kilichojikusanya mahali padogo. Donald Lynden-Bell aliikamilisha picha hiyo mwaka 1969 kwa kusema kwamba vitovu vya galaksi nyingi, hata zilizotulia, vina masalio ya mitambo hiyo.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Shimo jeusi ni mahali ambapo uvutano umezidi kiasi kwamba hata nuru haitoki. Inawezekanaje basi kitu kisichotoa nuru kiwe ndicho chanzo cha nuru kubwa kuliko zote? Jibu ni kwamba nuru haitoki ndani ya shimo. Inatoka kwenye gesi iliyo nje bado, njiani kuelekea huko, na inatolewa kwa sababu gesi hiyo haianguki kwa urahisi.

Anayeteremka bondeni kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu amewahi kuliona jambo hili kwa karibu. Lori lililobeba shehena hushuka mteremko ule taratibu, kwa gia nzito, dereva akikanyaga breki kila kona, na harufu ya breki zilizopata moto huingia madirishani mwa matatu iliyo nyuma yake. Joto lile halikutoka kwenye dizeli. Limetoka kwenye kimo: kila mita ambayo lori linashuka ni nishati iliyoachiliwa, na kazi ya breki ni kuigeuza joto. Lori likikatika breki, nishati ileile haipotei, bali hugeuka kasi, na dereva hufika chini nayo yote. Gesi ikianguka moja kwa moja ndani ya shimo jeusi ni kama lori lisilo na breki. Itabeba nishati yake yote na kuzama nayo kimya kimya, wala sisi hatutaona kitu. Ili mteremko ule ung’ae, ni lazima pawepo breki.

Breki zipo, na zinatokana na ukweli kwamba karibu hakuna gesi angani inayokuja ikiwa imetulia. Kila wingu lina mzunguko wake, hata kama ni mdogo, na linapovutwa karibu na katikati mzunguko huo huongezeka kasi, kama mcheza dansi anayezunguka akikunja mikono. Gesi hushindwa kuingia, ikaanza kuzunguka, na hatimaye hujipanga kama sahani bapa iliyolizingira shimo. Tabaka za ndani za sahani hiyo huzunguka kwa kasi kuliko za nje, kwa hiyo kila tabaka husuguana na jirani yake. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuweza kueleza msuguano huo unatoka wapi, kwa sababu gesi yenyewe ni nyembamba mno isiweze kusuguana ipasavyo. Mwaka 1991 Steven Balbus na John Hawley walionyesha kwamba nyuzi za sumaku zinazopita ndani ya gesi hufanya kazi hiyo: zinaunganisha tabaka la ndani na la nje kama kamba ya mpira, zinalivuta la ndani nyuma na kulisukuma la nje mbele, na kuvuruga sahani nzima. Gesi iliyovutwa nyuma hushuka hatua moja, ikapata joto. Hushuka tena, ikapata joto zaidi.

Kinachofanya mteremko huu upite vyote ni kina chake. Gesi inayofika ukingoni mwa shimo jeusi imeachilia, kwa wastani unaotumika sana, asilimia 10 ya uzito wake ikiwa nishati. Kiwango halisi huanzia karibu asilimia 6 kwa shimo lisilozunguka na kinaweza kupanda hadi takriban asilimia 42 kwa shimo linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa. Chukua pakiti moja ya unga ya kilo 2. Ikigeuzwa kwa kiwango cha asilimia 10 itatoa uniti za stima karibu bilioni 5, ambazo zingetosha nyumba zaidi ya milioni 4, kila moja ikitumia uniti 100 kwa mwezi, kwa mwaka mzima. Kwa njia inayotumiwa na Jua, pakiti hiyo hiyo ingetoa chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Kwa hesabu hii 3C 273 inahitaji kumeza gesi yenye uzito wa majua mawili au matatu kwa mwaka, yaani takriban dunia 2 kila dakika. Ni mlo mkubwa, lakini kwa galaksi yenye mabilioni ya nyota si mlo wa kuifilisi.

Sehemu za ndani za sahani hufikia joto la makumi ya maelfu hadi nyuzi 100,000 hivi, na ndiyo maana kinukta kile cha Barabara ya Magadi kilikuwa na rangi ya samawati: sahani hung’aa zaidi katika urujuanimno, nuru isiyoonekana iliyo ng’ambo ya urujuani, na katika mwisho wa samawati wa nuru inayoonekana. Juu ya sahani kuna gesi nyepesi zaidi yenye joto la mamia ya mamilioni ya nyuzi, nayo hutoa eksirei. Mlo nao una mpaka wake. Nuru husukuma, ingawa sisi hatuihisi, na shimo likila kupita kiasi nuru inayotoka huisukuma nyuma gesi inayokuja. Arthur Eddington ndiye aliyeeleza mpaka huo, akiwa anashughulikia nyota. Kwa shimo la uzito wa majua milioni 300, kizingiti ni takriban mng’ao wa majua trilioni 10.

Nimetaja milioni 300 kwa sababu ndio uzito uliopatikana kwa shimo la 3C 273 mwaka 2018, pale darubini nne zenye vioo vya mita 8 huko Paranal, Chile, zilipounganishwa zikafanya kazi kama moja na kuona gesi ikizunguka kitovu hicho. Shimo la uzito huo lina mpaka, ule ambao ukishavukwa hakuna kinachorudi, wenye nusu kipenyo cha karibu kilomita milioni 900. Lingewekwa mahali pa Jua letu, mpaka huo ungepita kidogo njia ya Mshtarii. Na hapa niondoe dhana moja inayopendwa sana na filamu, kwamba shimo jeusi hufyonza kila kitu kilicho karibu. Halifyonzi. Jua likibadilishwa leo usiku kwa shimo jeusi lenye uzito uleule, litakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu, na Dunia itaendelea kulizunguka kwa siku 365 kama kawaida, ingawa katika baridi na giza. Kuanguka shimoni ni kazi ngumu, na ugumu huo ndio unaozaa nuru yote tunayoizungumzia.

Turudi sasa kwenye msitu wa majina. Mbali kidogo na sahani ya moto kuna gesi na vumbi zito lililolizingira eneo hilo lote kwa umbo la ngata, ile kata ya kitambaa au majani ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla ya kutwika mtungi. Ngata hii ni pana miaka ya nuru kadhaa. Anayeitazama kutoka juu anaona katikati yake moja kwa moja, hadi kwenye sahani inayowaka. Anayeitazama kutoka ubavuni anaona vumbi tu. Baadhi ya mashimo pia hurusha mikondo miwili ya chembe, mmoja juu na mmoja chini, ikielekezwa na nyuzi za sumaku zilizosokotwa na mzunguko, na mikondo hiyo hukimbia kwa kasi inayoikaribia ya nuru.

Mfano wangu ni tochi ya soja wa usiku. Stima ikipotea mtaani, akikugeuzia tochi usoni unaona mwako mkali tu, wala hujui aliyeishika ni mrefu au mfupi. Akiwa anapita mbele yako akimulika njia yake, unaona mwanga, unaona mkono, unaona na koti. Akiwa nyuma ya ukuta wa jirani huoni tochi, lakini unaona majani ya mwembe ulio juu ya ukuta yakiangazwa, na unajua yupo. Soja ni mmoja katika hali zote tatu.

Hali ya ukuta ndiyo iliyoleta ushahidi wa kwanza wenye nguvu. Galaksi ya NGC 1068, ileile ya Fath, ilikuwa imewekwa katika kundi la Seyfert ambalo mistari yake ni myembamba, yaani gesi yake haionekani kukimbia sana. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller waliichambua nuru yake wakichagua ile tu ambayo mawimbi yake hutikisika upande mmoja, ambayo ni dalili ya nuru iliyogonga kitu kwanza kabla ya kutufikia. Katika nuru hiyo iliyorudishwa walikuta mistari mipana, ya gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, sawa kabisa na ile ya kundi jingine la Seyfert. Mtambo wenyewe ulikuwa nyuma ya vumbi. Wao waliyaona majani ya mwembe.

Kukiwa na mkondo uliotuelekea sisi moja kwa moja, tunapata blazari, yaani tochi usoni. Nuru ya chembe zinazokimbia karibu na kasi ya nuru hurundikana mbele ya mwendo wao, hivyo anayesimama mbele huona mwako uliokuzwa mara nyingi na unaobadilika haraka ajabu. Tukio moja la kukumbukwa lilinaswa barani kwetu. Darubini za H.E.S.S., zilizojengwa nyanda za juu za Khomas nchini Namibia ili kupokea miale ya gama, ziliiona blazari PKS 2155-304 ikilipuka tarehe 28 Julai 2006, na mng’ao wake ukawa unaongezeka maradufu ndani ya dakika tatu au nne. Kumbuka hoja ya foleni: dakika chache za nuru ni umbali mdogo kuliko ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua, na shimo linalodhaniwa kuwa hapo ni kubwa zaidi ya umbali huo. Hata baada ya kuhesabu namna mwendo wa chembe unavyoufupisha muda tunaouona, tukio hilo bado ni maumivu ya kichwa kwa wanadharia. Tarehe 22 Septemba 2017 nayo, kifaa kilichofukiwa ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini kilinasa nutrino moja, chembe ndogo mno inayopenya karibu kila kitu, yenye nishati kubwa, na ilipofuatwa nyayo zake ikaonekana imetoka upande wa blazari TXS 0506+056, iliyo umbali wa miaka ya nuru bilioni 4 hivi.

Nimejizuia hadi hapa kutaja satelaiti ambayo Mkenya hana budi kuitaja. Eksirei hazipenyi angahewa, na kwa ajili hiyo anayetaka kuziona zile zinazotoka angani hana budi kupeleka chombo juu. Chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pekee kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitaliano, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa faida ya ikweta: roketi hupewa msukumo wa bure na mzunguko wa Dunia, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepuka maeneo ya anga yenye mionzi mingi inayovuruga vipimo. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, chombo kikaitwa Uhuru. Msimamizi wake upande wa Marekani alikuwa Marjorie Townsend, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Nyingi ni nyota za jirani zenye mashimo madogo au masalio mengine, lakini namba 4U 1226+02 katika orodha hiyo ni 3C 273, kitone chetu cha utosini. Herufi U ni ya Uhuru, na wataalamu wa dunia nzima wanaendelea kuiandika, wengi wao pengine bila kujua ni neno la lugha gani.

Lile jambo jingine nililolitaja, kiasi cha gesi ambayo shimo linapata, ndilo watu hulisahau. Tumezoea kudhani kwamba shimo kubwa zaidi ndilo linalong’aa zaidi. Shimo la M87, lile lililopigwa picha ya kwanza kabisa na kuonyeshwa dunia tarehe 10 Aprili 2019, lina uzito wa majua bilioni 6.5, zaidi ya mara 20 ya lile la 3C 273, tena liko karibu sana, miaka ya nuru milioni 55 tu, katika kundinyota lilelile la Mashuke. Lakini kitovu chake ni hafifu mno kikilinganishwa na 3C 273, kwa sababu linapata gesi kidogo, na hiyo kidogo ni nyembamba kiasi cha kuanguka bila kung’aa inavyopaswa. Lina mkondo mkubwa lakini sahani yake imefifia. Upande wa pili kuna kwasari J0529-4351, iliyotangazwa Februari 2024, ambayo mng’ao wake unakadiriwa kuwa wa majua trilioni 500, na hivyo italazimu shimo lake limeze takriban jua moja zima kila siku. Ilikuwa imo katika picha tangu mwaka 1980. Ilichukuliwa kuwa nyota ya jirani, na baadaye hata programu za kompyuta ziliikataa kwa kuwa ilikuwa angavu kupita kiasi kuwa kwasari.

Nuru ya J0529-4351 imesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, na umbali huo si wa bahati. Kwasari zilikuwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote miaka bilioni 10 hivi iliyopita, galaksi zilipokuwa na gesi tele na zikigongana mara kwa mara. Gesi ilipogeuka nyota au kusukumwa nje, mitambo ikazimika mmoja baada ya mwingine. Fundo ambalo halijafunguka ni la mwanzo kabisa. Kuna kwasari, J0313-1806, ambayo tunaiona kama ilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 670 tu, na tayari shimo lake lina majua bilioni 1.6. Kwa kizingiti cha Eddington, muda huo hautoshi kulikuza shimo lililoanzia kwenye nyota moja iliyokufa. Ama lilizaliwa likiwa kubwa, ama lilikula kuvuka mpaka.

Kuzimika nako kunaweza kuonekana. Mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, alipokuwa akisaidia kwa hiari kupanga picha za galaksi, aliona wingu la gesi linalong’aa kando ya galaksi IC 2497, ilhali hapakuwa na cha kuling’arisha. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba kitovu cha galaksi hiyo kilikuwa kwasari hadi muda usiozidi miaka 200,000 hivi kabla ya picha tunayoiona, na nuru yake ya zamani ndiyo kwanza inaligonga wingu lile, huku taa yenyewe ikiwa imezimwa.

Katikati ya galaksi yetu nako kuna shimo, lenye uzito wa majua milioni 4, umbali wa takriban miaka ya nuru 27,000, upande wa kundinyota la Mshale ambalo Julai huonekana vizuri kusini mwa anga la Kajiado. Mwaka 2010 yaligunduliwa mapovu mawili makubwa ya miale ya gama yaliyotoka katikati hapo, moja juu na moja chini ya galaksi, kila moja likiwa na urefu wa miaka ya nuru 25,000, na inawezekana kwamba ni alama za mlo mkubwa wa mamilioni ya miaka iliyopita. Siku hizi shimo hilo lina njaa. Mwaka 2014 wingu dogo la gesi lililopewa jina G2 lilipita karibu nalo sana, na kwa miezi mingi darubini za mabara yote zilielekezwa huko kusubiri liraruliwe na kuwaka. G2 ilipita, ikarefuka kidogo, ikaendelea na safari yake, na shimo halikutoa hata cheche ya ziada.